Marahaba Niliyoitikia Ziwani

Sitaki mtu aniambie niliota. Sikuota, sikuwa nimekunywa, na ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nimechoka kuwasimulia watu wanaocheka kabla sijamaliza, kwa hiyo leo naandika, na mwenye kucheka acheke peke yake.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Nilizaliwa Masumbwe, nikachunga ng'ombe wa watu, nikajisomesha mwenyewe hadi nikapata diploma ng'ambo. Mnanielewa? Diploma. Wenzangu wakipata likizo walikwenda kwao kulima pamba. Mimi nilikuwa nimewaona Wazungu wakilala mchangani kupumzika, nikasema nami nitapumzika. Tena nilikuwa na sababu. Zilibaki wiki tatu nimwoe Milembe, binti wa mtaa wa Kambarage, mahari imekwisha kupokelewa. Nilitaka mahali pa kumpeleka baada ya harusi.

Nikaenda mwambao wa ziwa, upande wa Geita. Niamini, pale pana raha. Mchanga mweupe, mawe makubwa yamepandana kama yamepangwa na mtu, visiwa vimejaa ndege, sato anatoka majini anaingia kikaangoni. Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, mwanamke wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa onyo moja.

"Ukifika majini, utakayemkuta mwamkie wewe kwanza. Hata kama ni mdogo kwako."

"Mimi, Mama? Nina diploma."

"Basi iache chumbani isilowe, baba. Wewe amkia tu."

Nilicheka. Nani asingecheka?

Siku ya pili nikamkuta mtu ameketi juu ya jiwe karibu na maji. Kijana, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano. Nilikuwa nimemwona kwa mbali akitoka ziwani, lakini kaptula yake ilikuwa kavu. Nikajiambia ni jua. Msomi hakosi maelezo.

"Huniamkii?" akauliza.

"Nikuamkie wewe? Wewe ndiye wa kuniamkia. Mimi nimesoma ng'ambo."

"Ng'ambo ya ziwa?"

"Ng'ambo ya bahari!"

Akacheka sana. Kisha akashuka, akavua kofia, akainama kabisa. "Haya. Shikamoo, baba."

Na mimi, kwa sauti nene ya bosi, nikajibu, "Marahaba."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Asante. Uzee huu nimeubeba siku nyingi." Akaingia ziwani akitembea, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Maji yakamfika kiunoni, kifuani, kichwani. Nilisubiri mpaka miguu ikaniuma. Hakuibuka.

Nikarudi mbio. Mama Kulwa alikuwa anasonga ugali. Aliponiona alipiga magoti. "Shikamoo, babu." Kisha akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. "Uliitikia!" akasema. "Nilikwambia nini?"

Nikaomba kioo. Hakuna mvi, hakuna kunyanzi, sura yangu ile ile nzuri. Lakini kwenye basi wazee wenye mikongojo walininyanyukia kiti. Nyumbani baba yangu mzazi, aliyenifundisha kukamua maziwa, alinipa shikamoo, halafu akaitazama mikono yake. Mnajua mwana anavyojisikia akiamkiwa na baba yake? Hamjui.

Nikaenda Kambarage. Baba yake Milembe akatoka mlangoni, akaniamkia, akakasirika yeye mwenyewe. Akajaribu tena kusema "habari za safari", ikatoka shikamoo. Akaketi.

"Nitamwozaje binti yangu kwa mtu ninayemwamkia?" akasema. "Ukoo utanicheka. Chukua ng'ombe wako."

Nikamtolea vyeti. Nilimwonyesha muhuri! Milembe akanifuata hadi barabarani.

"Mimi nakuona wewe yule yule," akasema. "Ngoja nikuite jina lako." Akafungua mdomo. "Shikamoo, babu." Akajaribu mara tatu, ya tatu akilia. Tukaagana hivyo. Aliolewa mwaka uliofuata.

Miaka imepita na sijaoa. Kila likizo narudi kwenye jiwe lile kumtafuta yule kijana nimwamkie yeye. Hatokei. Ila nimegundua jambo: pale kwenye jiwe tu, mdomo wa mtu huwa huru. Mgeni anaweza kuniamkia au kuninyima. Wengi huonywa na Mama Kulwa, wananiamkia mapema, nami nabaki na mzigo wangu.

Mwaka juzi akaja mmoja na kamera shingoni, viatu vinang'aa. Akasema ana digrii, kwa hiyo nimwamkie yeye. Shikamoo ilinijaa mdomoni kama mate. Nikamuuliza kwanza kama ana mchumba. Akasema anaye, wanafunga ndoa mwezi ujao. Nikamfukuza kwa mawe mpaka akapoteza kiatu.

Kwa hiyo nendeni ziwani mkapumzike, kuzuri kweli. Lakini mtu yeyote mtakayemkuta majini mwamkieni kwanza, na elimu yenu muikunje mfukoni. Mkinikuta mimi, niamkieni haraka zaidi. Nimechoka, na safari nyingine sijui kama nitauliza habari za mchumba.