Zamu ya Kumtaja Mama

Mama mkwe wangu alikuwa anaomba mpaka chai inapoa. Nalisema wazi, maana siku ya mazishi watu walimpamba kwa maneno mpaka nikahisi tunazika mtu mwingine. Eti alikuwa mpole. Mpole! Mwanamke aliyemzuia mchungaji mlangoni akafute viatu kwanza, tena siku ya ubatizo wa mjukuu?

Mimi niliolewa na mwanawe wa mwisho. Nilipoingia katika nyumba ile, mama alikuwa bado dobi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha nyuma kilichojaa mvuke, mapipa ya maji ya moto na mashuka yaliyorundikana mpaka dirishani. Baba mkwe alikuwa amefariki zamani akamwachia watoto wanne, mume wangu akiwa bado ananyonya. Mama aliwalea kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni kali. Wenzake kazini walimwita Pasi, kwa kuwa hakuvumilia mkunjo, uwe wa shuka au wa tabia.

Kila jioni kabla ya kula aliomba. Hakuwa na maneno makubwa ya kanisani. Yeye alitaja majina, moja moja, na kila jina na shida yake. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwa mama aliyekuwa mbali ndiye aliyetangulia. Alianza na mwanawe wa tatu, aliyehamia mji mwingine na kusahau kupiga simu. Akafuata mkubwa, msimamizi wa majengo, na presha yake. Kisha binti yake wa pili na mumewe mlevi, "ambaye Bwana unamwona mwenyewe, mimi nisiseme mengi." Halafu wajukuu wote, hata yule aliyeikataa shule. Sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia amina huku tukichungulia sufuria.

Siku moja shemeji mkubwa, njaa ikimuuma, alimwambia, "Mama, si ungesema tu ukoo mzima ubarikiwe? Mungu anatujua."

"Na wewe ukiugua, nimwambie daktari ukoo unaumwa?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Shemeji akala chakula chake kikiwa baridi, na hakurudia tena.

Mume wangu alifariki ghafla, hatujajaliwa mtoto. Jioni ya kwanza baada ya kuzika, mama alitaja majina kama kawaida. Alipofika mahali pa mwanawe alinyamaza. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akalitaja jina langu, akaendelea na wajukuu. Hakunieleza kitu wala sikuuliza. Wazazi wangu walikuwa wametangulia, sina pa kurudi, na jioni ile nilijua kwamba sitaambiwa nifungashe virago.

Tukabaki wanawake wawili katika nyumba ya vyumba vitatu. Alistaafu, lakini hakustaafu kunikosoa. Nikikunja taulo, analikunjua na kulikunja upya. Jumamosi tulikwenda kufagia kanisa, yeye akipitisha kidole kwenye benchi nililokwisha kufuta. Kuna siku nilimnunia kutwa nzima. Lakini ilipofika jioni alinitaja kama kawaida, na ni vigumu kumnunia mtu anayekuombea huku unamsikia.

Halafu akaugua. Hospitali ile ile aliyoifulia mashuka ikamrudisha nyumbani kwa maneno laini, tukaelewa. Watoto wake watatu wakaja, hata yule wa mbali. Nyumba ikajaa viatu na mabegi. Jioni walikusanyika kitandani kwake, mimi nikiwa mlangoni na beseni la maji. Wakainamisha vichwa, wakisubiri aanze.

Mama akasema, "Leo nitajeni mimi."

Vichwa vikainuka.

"Nimewataja miaka yote. Sijawahi kumsikia mwanangu akinitaja. Nataka nisikie kabla sijaenda."

Binti yake akamgusa shemeji mkubwa. "Kaka, anza wewe. Wewe ndiye mkubwa, mimi nitakutanguliaje?"

"Mambo ya sala ni yenu wanawake," shemeji akajibu. "Anza wewe, mimi nitamalizia."

"Umalizie nini, nawe hujui pa kuanzia?"

Wa tatu akainua mikono kabla hajaguswa. "Mimi kanisani sijakanyaga siku nyingi. Nisije nikaharibu."

Shemeji mkubwa, ambaye kazini sauti yake husikika kutoka ghorofa ya tano, akaanza kutoa jasho. Akachomoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie mchungaji, hayuko mbali."

"Mchungaji ana mama yake," mama akasema.

Wakategeana tena. Mmoja akakohoa, mwingine akaweka sawa shuka ambalo halikuwa na tatizo. Mimi mkamwana niliona siwezi kuwaruka wenye mama yao, nikakaa na adabu zangu. Mwishowe mama akafumba macho, akaanza mwenyewe kwa sauti iliyokatikakatika, "Bwana, mwanangu mkubwa na presha yake..." Akawataja wote, nami nikiwemo. Wakaitikia amina kwa nguvu, kama watu waliotuliwa mzigo. Nilikasirika. Mpaka leo nikikumbuka amina ile, hasira hupanda upya.

Kesho yake asubuhi walitoka, huyu dawa, huyu simu za kazini. Nikabaki namwogesha.

"Usiwachukie," akasema, bila mimi kufungua kinywa. "Aliyezoea kupakuliwa hajui mwiko uko wapi. Kosa ni la mpakuaji."

Sikuona kosa lake hata chembe. Nikasugua mgongo wake polepole. Halafu nikalitamka jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Tangu niolewe sikuwahi kulitamka, maana mkwe hatajwi jina. Nikasema, "Bwana, huyu mgongo unamuuma. Usiku halali. Tena anaogopa."

"Nani kakwambia naogopa?"

"Nakuogesha, mama. Nakuona."

Maji yalikuwa yanapoa, nami nikaogopa kumwacha nikachote mengine. Kisha akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Nilimtajia Mungu mikono yake, mvuke wa kile chumba, watoto aliowalea bila mwenza, mwana aliyemzika. Maneno yaligongana ovyo. Mwishoni nikasema, "Na mimi usiniache peke yangu humu."

"Hiyo ni yako, usinichanganyie," akasema, nikacheka huku nalia. Halafu akaitikia amina, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyeamshwa, akanishika kidole na hakukiachia mpaka nilipomvika gauni. Hakuiona Jumapili.

Baada ya mazishi waliondoka mmoja mmoja. Nyumba waliniachia, hilo nawashukuru. Bado napika kingi kuliko ninavyoweza kula. Nyumba yenyewe ina ukimya wa kuudhi, mpaka nimejikuta nalikosoa taulo ninalokunja mwenyewe. Jioni nawataja wote kwa mpangilio wake, nikianzia na wa mbali, maana nisipowataja mimi atawataja nani? Hawakuchelewa kujua. Wifi hupiga kuhusu mumewe. Wa tatu, asiyepigia mtu simu, hunitumia ujumbe nimkumbuke kwenye safari.

Juzi alipiga shemeji mkubwa. "Shemeji, kesho nina kikao kigumu na wenye jengo. Nitaje."

"Nitakutaja."

"Na presha imepanda tena."

"Nayo nitaitaja." Aliposhukuru, nikaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, "Hata mimi, shemeji, siku hizi kifua kinanibana. Nyumba hii ni kubwa."

"Pole sana, shemeji," akasema. "Mwambie mchungaji akuombee."

Akakata simu.