Makofi Katika Ukumbi wa Jericho

Juzi nilipita karibu na ukumbi wa mtaa wa Jericho nikasikia wanafunzi wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, na harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji ikanirudisha utotoni, kwenye benchi la mbele la ukumbi huo.

Baba, mwalimu wa sekondari, alikuwa akiwaongoza wanafunzi wake katika onyesho la mtu kukamatwa.

“Polisi hashiki mtu hivyo,” aliwafokea. “Kaza mkono!”

Wanaume wawili wenye makoti wakaingia, wakauliza nani aliyeandika mchezo huo.

“Ni mimi,” Baba akasema.

Wakamshika, wakakaza kwelikweli. Nilidhani hatimaye wamepatikana waigizaji wanaojua kazi. Wanafunzi walirudi nyuma hadi ukutani, mimi nikapiga makofi.

Mlangoni Baba aligeuka, akanitazama, akainama kama mwigizaji anayewashukuru watazamaji.

Nikazidi kupiga.