Makiwa Niliyopewa Kola

Mombasa. Nilisafiri kwa sababu hakuna mwingine nyumbani aliyekubali kwenda. Dada yangu Saumu alikuwa ameolewa na Mutua, fundi wa magari, Mkamba wa Kola huko Machakos, akabatizwa, na tangu siku hiyo jina lake halikutajwa kwetu. Simu ya kifo chake ilipokuja dukani kwa jirani, mama alijipangusa mikono kwa leso, akarudi kwenye mbuzi kukuna nazi. Kaka yangu alisema, "Sisi hatuna maiti." Kwetu hata adui akifiwa huambiwa "Makiwa," naye hujibu "Tunayo." Mimi niliondoka bila kuambiwa na mtu.

Machakos, asubuhi. Ulikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino na stendi yote ilikuwa matope. Shemeji Mutua alinipokea, macho mekundu. Nilimwuliza kaburi liko upande gani wa boma.

"Bado hatujazika. Ako mochari," alisema. "Tunangoja watu wa Nairobi wafike."

Kwetu maiti halazwi, huzikwa siku ile ile. Njia nzima hadi Kola nilibeba hasira ambayo sikuwa na wa kumpa.

Kola, siku ya mazishi. Nilipojikwaa kupanda matuta ya shamba waliniambia pole, na walipojua mimi ni nani waliniambia pole ile ile. Mpiga picha alituamuru tusogee karibu na jeneza. Mchungaji alimsifu Martha, mwimbaji wa kwaya, mpenda wageni, na kwa muda nikadhani wamekosea maiti. Kumbe Martha ndiye Saumu. Nililia kwa sauti, wakaongeza wimbo.

Jioni yake, jikoni. Mama mkwe wa Saumu, niliyemwita Mwaitu kama wenyeji wamwitavyo mama, alinisogezea kigoda karibu na moto.

"Watu wanakuambia pole na haujibu. Kwani huko kwenu munasemaga nini?"

Nikamweleza makiwa na jibu lake. Laiti ningejua.

Asubuhi aliniletea uji akasema, "Makiwa." Nikajibu, "Tunayo." Akaleta maji ya kuoga: "Makiwa." Mchana akaweka mbele yangu muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe: "Makiwa." Nilidhani amelifanya salamu ya kutwa nzima. Neno la msiba wetu lilikuwa limegeuka mchezo wa mwanamke wa bara, na siku ya kuondoka nilishindwa kuvumilia.

"Mwaitu, hilo husemwa mara moja tu."

Alikuwa akinifungia maembe ya kwenda nayo kwenye kiondo. Hakuacha kufunga.

"Nilikuwa nangoja na wewe uniambie," alisema. "Martha alikuwa mtoto yangu. Watu wote wanampatia Mutua pole. Mimi hakuna mtu ananiambia kitu."

Niliona aibu. Siku zote hizo nilijiona mfiwa pekee katika boma lile. Nikamshika mkono.

"Makiwa, Mwaitu."

"Tunayo," akasema, na ndipo nilipomwona akilia.

Mombasa tena. Jirani aliniuliza habari za safari, nikamjibu nzuri, kwa kuwa hapakuwa na swali jingine. Nyumbani hapakutandikwa mkeka wala hapakusomwa kitu. Nilikwenda nimewaogopa watu wa Kola kwa ugeni wao, nikarudi kwa wageni zaidi yao. Nililijua hilo nilipoingia jikoni na kumkuta mama ameinamia mbuzi yake.

"Makiwa, mama."

Hakuinua kichwa.

"Ya nani?" akauliza.

Nikatua kiondo cha maembe. Wa kunijibu nilimwacha Kola.