Upande wa Pili wa Paa

Mawifi tuna sifa mbaya, na nyingi tumezitafuta wenyewe. Kwa hiyo nikisema kwamba katika nyumba ya mdogo wangu mtu niliyempenda zaidi alikuwa mke wake, wapo watakaocheka pembeni. Wacheke. Mimi ndiye niliyekuwa naingia na kutoka katika nyumba ile, na mimi ndiye niliyemwona wifi yangu akipita ubavu ubavu ndani ya kwake mwenyewe, ndoo ya nguo mkononi, tumbo amelivuta ndani, asije akagusa paa la mtu.

Mapaa yenyewe yalikuwa ya magari. Mdogo wangu ni fundi wa viti vya magari, anashona ngozi na kubadilisha sponji, na wateja wanamwita Fundi Viti. Sasa, kuna yale magari ya wazi ambayo watu wenye nafasi zao huyaendesha jua likiwaka, upepo ukiwapiga utosini. Baadhi yake huwa na paa gumu la ziada lenye kioo kwa nyuma, ambalo hufungwa mvua zikikaribia na kuvuliwa zikiisha. Ukishalivua utaliweka wapi, na wewe unaishi ghorofani? Mteja mmoja alimwomba mdogo wangu amhifadhie lake kwenye banda la gari nyumbani. Huyo akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shemeji yake, na kabla hatujakaa sawa banda lilikuwa limejaa mapaa na gari la mdogo wangu linashinda nje linapigwa na jua.

Aliyatunza, siwezi kumnyima haki yake. Kila paa lilisimama kwenye fremu ya mbao iliyovishwa sponji, likafunikwa shuka. Kulilaza ilikuwa marufuku, kwa sababu mipira ya pembeni ingebonyea na gari lingevuja. Jua nalo lilikuwa marufuku, kwa hiyo dirisha la banda lilizibwa kwa ubao. Panya walitegewa kila kona. Ubaya ni kwamba dirisha la jiko la wifi lilikuwa linatazama humo bandani, na mlango wa jiko ulifungukia humohumo. Mwanga wa kupikia aliupata kwenye balbu, mchana kweupe. Akiinua macho kutoka kwenye sufuria, anaziona shuka nyeupe zimesimama kwa safu kama wagonjwa waliokatazwa kulala. Aliwahi kuniambia kwamba kuna siku anajikuta anazisalimia. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na si kuyatazama tu. Paa la namna hiyo halinyanyuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika kulia, mwingine kushoto, mnanyanyua sawasawa, mnalipitisha juu ya gari, mnashusha polepole mpaka pini zote ziingie kwenye matundu yake. Mmoja akitangulia kushusha, rangi inachubuka au kioo kinapasuka. Kulia alikuwa mdogo wangu, kushoto alikuwa mkewe. Kila mmoja akishafunga makomeo yake, mdogo wangu alisema, "Upande wangu tayari," na wifi akajibu, "Na wangu tayari." Nadhani waliambiana maneno hayo mara nyingi kuliko habari za asubuhi.

Nilijitolea kusaidia. Mdogo wangu alinipima kwa macho kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, safari ambayo haikumchukua muda, akasema kimo changu kingelipeleka paa upande. Yeye na mkewe wanalingana mabega. Alipenda kutania kwamba hata uchumba alianza kwa kupima kimo. Kumwajiri mtu hakutaka kusikia, eti hamwamini mtu na vioo vya watu.

Wifi ana dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Anaishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwenye basi. Dada huyo alianza kupoteza macho. Daktari hakumficha: ugonjwa wake ungeweza kucheleweshwa, kurudishwa nyuma hapana. Tangu siku hiyo kila alipompigia mdogo wake alikuwa na ombi moja, njoo nikuone. Hakusema njoo uniuguze, wala njoo unisalimie. Alitaka kuiona ile sura kabla giza halijamfunika, na nani angeshindwa kumwelewa?

Wifi akapigwa danadana. Mvua zikianza, mume anamwambia asubiri mapaa yatoke. Yakitoka, kuna mteja aliyechelewa. Jua likitulia, asubiri mapaa yarudi. Yakirudi, hili linavuja, lile mpira wake umekatika, itabidi linyanyuliwe tena. Mimi nilikuwa namwambia wifi afunge begi aondoke, paa si mtoto mchanga. Najua kusema, hilo halina ubishi. Lakini wifi alikuwa na sababu ambayo hata mimi ilinifunga mdomo.

Alishawahi kuondoka mara moja, kwenda msibani. Mdogo wangu akajaribu kunyanyua paa peke yake. Likamponyoka, kioo kikamwagika banda zima, na ukingo wake ukamsaga kidole gumba cha mguu. Wifi alirudi akamkuta na bandeji na harufu ya dawa. Tangu hapo, akifikiria basi, anafikiria pia mumewe amelala chini ya paa hakuna wa kumsikia. Mlango haukuwa na kufuli. Kilichomfunga kilikuwa kidole kile kilichochechemea mbele yake kila siku.

Basi, siku moja mvua zikiwa zimekaribia, wifi alikwenda kung'oa jino. Mimi nilipita kurudisha sufuria yake. Nikaingia kwa mlango wa mbele, nikafika jikoni, nikasikia kitu kinalia kwi, kwi, kwi. Nikachungulia dirishani. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya banda peke yake, anavuta kamba, na paa linapanda. Linapanda limenyooka, limekamatwa na mikanda minne, kamba inapita kwenye roda, vigurudumu vya kunyanyulia mizigo, zilizofungwa kwenye ndoano za darini, na yeye anavuta bila hata kutoka jasho, kama mtu anayechota maji kisimani.

Ndoano za darini nilizijua. Alitwambia ni za kutundikia mapaa endapo mafuriko yataingia. Roda, mikanda na kamba sikuwahi kuviona.

Aliponiona, kwanza alifunga kamba vizuri. Fundi ni fundi. Kisha akaniuliza nimeingia saa ngapi, na mimi nikamuuliza hicho chombo anacho tangu lini. Akajibu, sauti iko chini, kwamba alikitengeneza alipopona kidole. Anakificha kwenye gunia la vipande vya sponji, na mkewe akitoka anakijaribu kidogo, kwa sababu kamba isipotumika inaharibika.

"Na mkeo anajua?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Akijua ataondoka, dada."

"Ataenda kumwona ndugu yake, halafu atarudi."

"Watoto wetu nao walisema watarudi," akasema. "Waliniaga hapo hapo mlangoni. Sasa hivi hata simu wanapiga wakikumbuka. Huyu akishaonja kukaa mahali penye dirisha, atarudi kufuata nini?"

Niseme ukweli, nilimwonea huruma. Nimembeba mgongoni mtoto yule, na sura aliyonitazama nayo ilikuwa ileile aliyokuwa nayo nilipokuwa namwacha getini kwenda shule. Halafu nikamkumbuka mtu anayepika kwa balbu mchana, akiogopa kifo ambacho hakikuwepo, na hasira ikaipita huruma. Akaniomba nisiseme. Sikumjibu kitu. Akachukulia kwamba nimekubali, maana wanaume wa kwetu ukinyamaza mbele yao wanadhani umewaelewa.

Kesho yake nilirudi kumjulia hali mgonjwa wa jino. Mawingu yalikuwa yameshashuka, na mteja mmoja alikuwa ameacha gari lake asubuhi lifungwe paa, angelipitia jioni. Nilimkuta wifi shavu limevimba, kitambaa kimezungushwa kidevuni mpaka utosini, na mumewe anamwita bandani. Alipaswa kuwa kitandani. Aliweka chini kikombe chake cha maji ya chumvi, akaenda.

Wakaondoa shuka. Wakashika, kulia na kushoto, wakanyanyua. Wakalipitisha taratibu juu ya gari, mimi nimesimama kwenye mlango wa jiko. Ndipo simu ya wifi ikaita mezani nyuma yangu. Niliitazama. Alikuwa dada yake.

"Ni dada," wifi akasema kwa tabu ya lile shavu, kabla sijamwambia.

"Angalia mikono yako," mumewe akamjibu.

Simu ikaita mpaka ikakata. Wifi hakuinua macho kutoka kwenye pini. Akasema, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Tukimaliza hili, naomba niende."

Mumewe akaanza kumwambia kwamba kuna paa la mwalimu keshokutwa, na lile la mama wa duka la dawa, na kwamba mvua za mwaka huu zimekuja vibaya. Alikuwa anayasema maneno hayo huku anajua nimesimama pale. Hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Mwambie habari ya kamba," nikasema.

"Kamba gani?" wifi akauliza.

"Tushushe kwanza, mama," mdogo wangu akasema. "Tushushe kwanza."

"Iko kwenye gunia la sponji," nikamwambia wifi. "Zile ndoano si za mafuriko. Anafunga mikanda, anavuta, paa linapanda. Jana nimemwona kwa macho yangu. Peke yake."

Wifi akainua kichwa kutazama dari. Miaka yote ile alikuwa anatazama mikono yake na miguu yake tu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Nikaogopa ataliachia, na kioo kile kiko juu ya gari la mtu. Hakuliachia. Upande wake ulibaki sawasawa, ulioinama ulikuwa wa kulia.

"Tangu lini?"

Mdogo wangu akatazama pini. "Tangu kidole kilipopona," nikajibu mimi.

Walikuwa wamenaswa wote wawili, kila mmoja na nusu yake ya mzigo, wala hakuna aliyeweza kuondoka mpaka mwenzake ashushe. Wakashusha. Pini zikaingia. Mdogo wangu akafunga makomeo yake, na kwa mara ya kwanza hakutamka neno. Wifi akafunga yake, akayajaribu kwa kiganja kama kawaida, akafuta alama ya vidole kwenye kioo kwa ncha ya gauni lake.

"Nilikuwa naogopa utakufa," akamwambia. "Kila nikifikiria safari, nilikuwa nakuona umelala hapa chini."

"Nilijua," mdogo wangu akasema.

Laiti angedanganya hapo pia. Wifi alimtazama, shavu limevimba, kitambaa kichwani, kisha akaingia ndani na nikasikia begi linaburutwa kutoka uvunguni.

Aliondoka asubuhi iliyofuata. Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka kituoni. Alivaa gauni la njano ambalo dada yake alimshonea kwa mikono yake zamani, la kubana kidogo sasa, na njiani hatukuzungumza mengi. Aliniuliza tu kama kamba ile ni imara. Nikamwambia ni imara. Akaitikia kwa kichwa, akapanda basi, akachagua kiti cha dirishani.

Simu yake ilikuja kesho yake nikiwa nafagia. Nilimuuliza kama amefika salama, akasema amefika. Nikamuuliza kama dada amemwona. Nyuma yake nikamsikia dada yake anaimba wimbo wa kubembelezea watoto.

"Ameona njano," wifi akasema. "Alinyoosha kidole akasema, ile njano ni ya gauni nililokushonea. Sura yangu ameipapasa kwa mikono. Mwanzo wa mwaka, wifi, alikuwa bado anasoma majina kwenye simu."

Nililia, na sikuona haya. Kisha nikajifuta, nikavaa viatu, nikaenda kwa mdogo wangu, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu lazima aambiwe akiwa anatazamwa usoni. Nilimkuta bandani na paa la mwalimu. Alikuwa amelifunga mikanda yote minne, kamba iko mkononi, gari linasubiri pembeni. Nikamweleza yote, njano, kidole kilichonyooshwa, mikono usoni. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Yeye akaniwahi kwa swali.

Hakuuliza atarudi lini. Aliuliza, "Ni lile gauni alilokuja nalo hapa siku ya kwanza?"

"Ndilo."

Akavuta kamba. Paa likapanda lenyewe, limenyooka, halina mtu upande wa pili. Akaifunga kamba, akaondoa fremu, akalisogeza gari chini ya paa, akalishusha, pini zikaingia bila hata kugusa rangi. Akafunga makomeo ya kulia, akazunguka gari kwa kuchechemea, akafunga ya kushoto. Kisha akabaki amesimama pale aliposimama mkewe miaka yote, anatazama dirisha la jiko, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi lilivyo na giza.