Msusi na Mama Mkwe wa Kitabuni

Yule msusi wa karibu na soko la Koboko hawezi kushika kitabu mwenyewe, maana mikono yake imejaa nywele za watu. Anayesukwa ndiye anayekishika mapajani, naye msusi anasoma kwa sauti kutoka juu ya utosi wako. Ukurasa ukiisha anakugonga bega kwa kitana, unafunua. Anapenda riwaya za mapenzi, hasa zenye mama mkwe mkorofi. Shida ni vidole vyake, vinafuata hadithi. Wapenzi wakipatana, anasuka taratibu mpaka unasinzia. Mama mkwe akiingia, anavuta mpaka nyusi zinapanda; mimi nilishinda siku nzima na uso wa mtu aliyeshtuka. Ndiyo maana wateja husimama mlangoni kwanza na kuuliza, “Mama mkwe iko wapi leo?” Wakiambiwa amesafiri, wanakaa.

Ijumaa moja alikaa binti mmoja, Night Poni, ambaye harusi yake ilikuwa kesho yake. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu bado imetimka, mama mkwe wa kitabuni alipomimina sumu kwenye chai. Vidole vya msusi vikaganda. Hapo hapo shangazi wa Night Poni akaingia akihema. “Funga hiyo kitabu! Mama mkwe yako imefika nyumbani, iko nakungoja!”

Night Poni akalamba kidole, akafunua ukurasa.

“Huyo atangoja,” alisema. “Kwanza nimalize na huyu.”