Yeslam na Kanzu Isiyomtosha

Pale Kisauni, ukiuliza duka la Yeslam la vifaa vya ujenzi, wengi watakuuliza, "Yeslam yupi?" Ukisema Fito, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Jina hilo alipewa ujanani, alipokuwa winga wa timu ya mtaa, mwembamba, akipenya katikati ya mabeki kama upepo wa dirishani. Miaka ikapita, mpira akauwacha, akaoa, akakaa dukani. Fito akanenepa. Jina likabaki.

Mwenyewe hakukubali. Kwake yeye, unene ule ulikuwa mgeni tu aliyekuja kutembea, leo au kesho angefunga mizigo aende zake. Kwa hivyo kila kanzu aliyoshonesha aliishonesha ya Fito wa zamani. Akienda kwa fundi Ngowa kule Kongowea, huvuta tumbo ndani, akabana pumzi. Naye Ngowa huzungusha tepu mbio mbio, asije mteja akamzimikia mikononi.

"Nikuongezee vidole viwili, ami?"

"Usiongeze kitu. Mwezi ujao nitakuwa nimepungua."

Mwezi huo ujao ulikuwa hauji.

Binti yake Israa alipoposwa na Mussab, kijana mmoja wa Changamwe, mkewe Samah alimweka kitako. "Baba Israa, wewe ndiwe utakayeozesha. Shona kanzu ya mtu mzima."

"Kwani mimi mtoto?"

"Wewe si mtoto. Kanzu zako ndizo za watoto."

Alinuna siku nzima, kisha akaenda kumwambia fundi yale yale. Asubuhi ya nikaha, Samah na nduguye Sufyan walimvisha kwa kusaidiana, mmoja akivuta huku, mwengine akisukuma kule. Yeslam akajitazama kiooni. Nyeupe pe, tarizi shingoni, kofia ya kiua kichwani.

"Nimependeza?"

"Umependeza," Samah akajibu. "Ila usicheke wala usipige chafya."

Msikiti ulikuwa umejaa. Shekhe akamkalisha Yeslam mbele ya Mussab, magoti kwa magoti, mikono wakashikana. Yeslam akaambiwa aseme, naye akasema, lakini sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Pumzi yenyewe angeitoa wapi?

"Mashahidi hawajasikia," shekhe akasema.

Akarudia.

"Niwie radhi, ami," Mussab akanong'ona kwa adabu, "hata mimi sijasikia."

Shekhe akatabasamu. "Mzee wangu, unaoza au unasitasita?"

Watu wakageuka. Moyo ukamwenda mbio Yeslam; wasije wakadhani hataki kumtoa bintiye! Akavuta pumzi, pumzi ya haki, ya mwanzo tangu asubuhi.

Chwaaa! Mshono wa mgongoni ukaachia kutoka shingoni hadi kiunoni, na fulana ya ndani, yenye tundu zake mbili, ikatokeza kusalimia watu.

Masikio ya Yeslam yaliwaka moto. Lau zulia lingefunguka kama ilivyofunguka kanzu, angetumbukia humo asionekane tena. Nyuma yake Sufyan alikuwa keshavua koti amfunike. Lakini upepo wa feni ukampiga mgongoni, baridi, mtamu ajabu. Taratibu akaliwacha tumbo lishuke. Likakaa mapajani kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari ndefu.

"Wacha, Sufyan," akasema. "Upepo huu, wallahi, nimeutafuta miaka."

Akacheka yeye mwanzo, tumbo zima likitikisika. Shekhe akajificha uso kwa leso, mabega yakimcheza. Na msikiti mzima ukafuata. Walipotulia, Yeslam akaushika tena mkono wa Mussab, akamuoza bintiye kwa sauti iliyofika hadi kwenye viatu mlangoni.

Kwenye karamu alivaa kikoi na shati la Sufyan, akala kwa raha zake. Wiki iliyofuata alirudi Kongowea, akasimama mbele ya Ngowa, tumbo nje. "Pima," akamwambia, "na usinionee haya." Tepu ikazunguka, ikanyooshwa, ikavutwa, na fundi kwa heshima hakuisoma namba kwa sauti.

Kanzu zote za zamani akazikunja, akampelekea mkwewe. Mussab akaijaribu mojawapo palepale sebuleni. Ikamkaa kama aliyezaliwa nayo. Yeslam alimtazama bila ya wivu. Basi, kwa wivu kidogo.

"Zivae upesi, mwanangu," akamwambia. "Israa amefundishwa kupika na mamake."

Mussab akacheka, akidhani ni mzaha.