Sifuri kwa Mtani

Mimi najua kuonja. Nalisema hili bila haya kwa sababu ndicho kipaji pekee nilichopewa, na nilikitumia vibaya. Nipe glasi ya ile soda ya mizizi ambayo wenyewe huiita bia ingawa haina kilevi, nitakuambia kama mdalasini umechemshwa kupita kiasi, kama sukari iliunguzwa makusudi au kwa uzembe, kama mtengenezaji alikuwa na haraka. Kila Jumamosi napita sokoni Braamfontein, katika jiji hili la kusini kabisa mwa Afrika nilikohamia, nanunua chupa moja, naipa alama kati ya kumi, naandika kwenye daftari. Ni alama za haki kabisa, na hakuna mtu anayezitaka.

Aliyezitaka alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mzaramo, yeye ni mwanamke wa Kinyamwezi kutoka Tabora, na kwa asiyejua, hawa ni watani tangu enzi za mababu. Angeweza kunitukana mbele ya wakwe zangu nisiwe na ruhusa ya kununa, na mimi vivyo hivyo kwake. Tulikutana La Rochelle, mtaa wa jiji hili hili, ambako tulipanga vyumba vilivyotenganishwa na ukuta mwembamba. Yeye alifanya kazi jikoni, kwenye mkahawa mmoja Braamfontein, na mimi nililinda geti la jengo la ofisi mtaa wa pili. Siku aliposikia kwetu ni wapi alishika kiuno. "Yaani nimesafiri kote huku, kumbe mtumwa wangu kanitangulia kunifagilia!" Kuanzia siku ile nikawa na ndugu.

Baba yangu alipofariki Dar, sikuwa na karatasi za kunitoa nchini na kunirudisha. Watu walijaa chumbani kwangu wakanipa pole, vichwa chini, nami nimekauka kama ubao. Ndipo akaingia yeye, amevaa koti langu la kazi nyuma mbele, ameshikilia kandambili sikioni, akaanza kumwigiza marehemu alivyokuwa akinipigia simu, maana alikuwa akimsikia kupitia ukuta. "Haloo! Haloo! Mbona husemi? Umeoa? Haloo!" Kuna Mrundi alisimama amtoe nje. Mimi nilicheka, nikacheka, mpaka kicheko kikageuka kilio, na ndipo nilipomlilia baba yangu kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na katika jiji hili lote hakuna mwingine aliyeweza kunifanyia.

Mkahawa wake uliuza soda za mizizi za watengenezaji wadogo, zile za chupa za kahawia. Alionja mabaki, akasema hata yeye anaweza. Akaanza kununua mizizi na magome kwa wauza miti shamba mjini, tangawizi, karafuu, na kijichupa cha mafuta yenye harufu ya dawa ya kuchua, ambayo wajuzi husema ndiyo roho ya kinywaji hicho. Hamira aliitia mara moja tu. Chupa mbili zilipasuka chini ya kitanda, halafu akaingiwa na wasiwasi wa kilevi, akahamia kwenye mashine ya kutia gesi.

Kila sufuria ilikuwa na waonjaji wawili. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mkongomani, fundi cherehani, mtu mwema kupindukia. "Iko muzuri sana, mama. Muzuri kabisa." Mtani alimshukuru, akaja kwangu akinong'ona, "Yule hata maji ya betri atayasifu."

Mimi nilitoa sifuri. "Inanuka magoti ya babu yangu akishachuliwa," nilimwambia kuhusu ya kwanza. Ya pili nikamuuliza kama ameoshea viatu. Alicheka mpaka akajishika ukutani. Ulikuwa mchezo wetu, lakini alikuwa akinitazama usoni, najua. Nikirudia funda la pili, alijua kuna kitu amepatia. Nikiacha glasi nusu, alirudi kwenye sufuria. Sifuri zangu hakuzisikiliza, alinisoma nyusi, na kwa njia hiyo soda yake ikawa inapanda kila wiki.

Kisha soko likatangaza siku ya kuonja. Watengenezaji wadogo wangeleta vinywaji vyao, wapita njia wangeonja na kuandika alama kwenye kadi, na mshindi angepewa nafasi dukani pale sokoni msimu mzima. "Nikipata, jiko la watu basi," aliniambia. Alikuwa na miaka minane mbele ya masinki yale.

Alhamisi jioni alibisha hodi na sufuria ya saba. Hii aliitia asali ya kwao, nyeusi, aliyoletewa na msafiri kutoka Tabora. Hakuwa anacheka.

"Mtani, leo utani weka pembeni," alisema. "Kesho nachemsha ya kupeleka. Eish, niambie kweli, nipeleke hii?"

Nikaonja. Ilianza na moshi kidogo, wa mizinga, ikafuata asali, halafu gome likaja mwishoni na uchungu wake mdogo, safi, na ile harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imekaa nyuma kabisa, kwa adabu. Sijawahi kuonja kitu kama kile, kabla wala baada. Nilitamani kuimaliza.

Na hapo hapo nikaona kijicho. Sitatafuta jina zuri la kukifunika. Nilikuwa nimekaa getini miaka kumi na moja, nafungua na kufunga kwa ajili ya watu wasionitazama, na huyu hapa anaondoka. Anaenda dukani, jina lake kwenye chupa, na mimi nitabaki na ukuta. Uso wangu nikauvalisha ule wa getini, ambao hausemi chochote. Nikaweka glasi chini baada ya funda moja.

"Sifuri," nikasema. "Umetengeneza dawa ya kikohozi ya watoto. Toa hiyo asali."

Alicheka, lakini alichelewa kidogo. "Kweli?"

"Kweli."

"Haya. Sharp." Akaichukua glasi, akaenda kuimwaga.

Jumamosi nilimbebea makreti mpaka sokoni, rafiki mwema. Ile ya nane haikuwa na asali. Alitia sukari, na ili pengo lisionekane akaongeza mafuta yale. Kadi zikaja: tatu, mbili, nne, mbili. Kijana mmoja alimwambia mwenzake kwamba hiki ndicho anachojipaka miguuni baada ya mpira, wakacheka, wala hawakuwa na ubaya. Mama mmoja alisema ni kinywaji cha kipekee, akakiacha kikombe kimejaa mezani. Mtani alitabasamu kwa kila mtu. Alikuwa amevaa kilemba kipya. Mimi nilijifanya napanga chupa.

Mchana mshindi akatajwa, bwana wa meza ya tatu kutoka yetu. Mtani alikwenda kumpongeza, akarudi na kikombe kidogo mkononi. Alionja tena akiwa amesimama, polepole.

"Ina asali," alisema.

Niliendelea kupanga chupa.

"Ile ya saba. Ilikuwa ngapi?"

Ningeweza kutania. Mdomo ulikuwa tayari, umezoea. Lakini alinitazama nyusi, kama siku zote, na safari hii nilishindwa kuzizuia.

"Tisa," nikasema. "Labda kumi."

"Na ulijua palepale?"

"Nilijua."

"Nilikuambia uweke utani pembeni."

"Uliniambia."

Akaanza kurudisha chupa kwenye makreti, moja moja. Nilipoinama kubeba, akaweka mkono wake juu ya kreti. "Acha tu, kaka," alisema. "Nitabeba mwenyewe." Hakuwahi kuniita kaka.

Sasa amehama, anaishi mtaa wa Turffontein, na bado yuko kwenye jiko lile lile. Tunapokutana karibu na robot, zile taa za barabarani, kwenye kona ya kazini kwangu, husimama na kunisalimu vizuri sana. "Habari za asubuhi, kaka? Za kazi? Mama hajambo?" Nimejaribu kila kitu. Nimemwita mtumwa, nimemwambia Wanyamwezi wote wananuka moshi, mara moja nilimnyang'anya mwavuli. "Chukua tu, kaka," alisema, akaenda zake mvuani.

Mwaka jana mama naye alifariki. Chumba kilijaa tena, watu wale wale, fundi Mkongomani akaleta viti. Niliposikia kwamba mtani yuko njiani, niliinuka nikatundika koti langu la kazi kwenye msumari wa mlango, nje nje, ambapo mtu akiingia lazima limguse bega.

Aliingia na khanga kichwani na sufuria ya pilau. Koti lilimgusa. Alilisogeza kando kwa mgongo wa mkono, akapita, akaketi na akina mama. Zamu yake ilipofika alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, kaka. Mungu amrehemu mama, akupe na subira."

Nikasema ahsante. Sikulia. Watu walipoondoka nikalichukua koti mlangoni, nikalivaa, nikaenda kazini.